Kila Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Namna ya Kupima Tafiti za Maoni Zinazotolewa na Vyama Wakati wa Uchaguzi

Mada kwa viongozi wa halmashauri za walei na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo





Mada tuliyopewa leo inahusu tarakimu. Yawezekana wengine mkajiuliza kwa nini Kamati ya Haki na Amani inajishughulisha na asilimia, jambo linaloonekana kuwa la wasomi wa takwimu. Jibu letu ni hili: wakati wa uchaguzi tarakimu hugeuka kuwa silaha, na silaha hiyo huwajeruhi kwanza wale wasiojua inavyotengenezwa.

Sote tumeona mambo yanavyokwenda. Wiki chache kabla ya siku ya kura, karatasi huanza kuzungushwa, au ujumbe hupita katika simu, kutoka Mikindani hadi Madimba, Msimbati na Kilambo. Ujumbe unasema kwamba mgombea fulani anaongoza kwa asilimia 58 na mwenzake ana asilimia 31. Haukutajwa mtu aliyeulizwa wala aliyeuliza. Hata hivyo, baada ya siku mbili habari hiyo inasemwa sokoni, kwenye mialo ya wavuvi na ndani ya mabasi kana kwamba ni matokeo yaliyotangazwa. Wanaoambiwa wameshindwa wanakata tamaa na kubaki nyumbani. Wanaoambiwa wameshinda wanaanza kusherehekea kabla ya kura kupigwa. Kisha matokeo yakitoka tofauti, neno la kwanza linalosikika ni kwamba kura zimeibwa. Pengine zimeibwa kweli, pengine hazikuibwa. Lakini ile karatasi haiwezi kuwa shahidi wa jambo hilo, kwa sababu ilitolewa na mmoja wa washindani.

Hilo ndilo neno letu la leo. Utafiti wa maoni unaotangazwa na chama au mgombea ni maneno ya mwenye kesi. Si lazima uwe uongo, lakini hauwezi kuwa hukumu. Ni wajibu wetu kuusikiliza kama baraza lenye busara linavyomsikiliza mlalamikaji: kwa heshima, kwa maswali, na kwa kumsubiri mwenzake naye aseme.

TUONE

1. Maneno mawili yanayochanganywa

Katika nchi yetu maneno "kura za maoni" hutumika kwa mambo mawili yasiyofanana. Kwanza, ni kura ambazo wanachama au wajumbe wa chama hupiga ili kupendekeza mgombea wao, kama zile ambazo Chama Cha Mapinduzi kilifanya Julai 2020 na Agosti 2025. Pili, watu wengi hutumia maneno hayo hayo kwa utafiti wa maoni, yaani kuwauliza wananchi wachache ili kukisia mawazo ya wengi.

Mkanganyiko huu si mdogo. Mgombea aliyepata kura nyingi katika mkutano wa wajumbe hutangazwa mitaani kwamba "anakubalika kwa asilimia 80". Ni kweli, amekubalika kwa asilimia 80 ya wajumbe wa chama chake. Wapiga kura wa jimbo ni watu wengine, nao ni wengi mara nyingi zaidi. Tena, hata ndani ya chama vikao vya juu vina mamlaka ya kumteua asiyekuwa wa kwanza, kama ilivyotokea katika majimbo kadhaa mwaka 2020. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: asilimia hii ni ya nani? Katika mada hii, tutakapotaja utafiti wa maoni tutamaanisha lile la pili.

2. Sisi wa korosho tunajua sampuli

Msidhani kwamba utafiti wa maoni ni uchawi, wala kwamba kuuliza watu wachache ni upuuzi. Mkulima wa Mtwara anaifahamu kazi hii kuliko watu wengi. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani uanze kwetu katika msimu wa 2007/2008, korosho zinapofika ghalani hakuna anayepasua korosho zote ili kujua daraja lake. Huchotwa chache kutoka magunia mengi, zikakatwa, viini vikaangaliwa, na kutokana na hizo chache shehena nzima hupangiwa daraja la kwanza au la pili. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo kwa nafaka: walichoma bambo katika gunia, wakatoa punje, wakajua kilichomo ndani.

Sampuli ndogo yaweza kusema kweli juu ya shehena kubwa, kwa sharti moja: iwe imechotwa bila upendeleo. Mchota sampuli akichagua korosho za juu zilizokauka vizuri, na kuziacha za chini zenye unyevu, idadi haitamwokoa. Hata akichota debe zima, bado atakuwa amepima sehemu ya juu tu.

Ulimwengu ulijifunza somo hilo huko Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maswali zipatazo milioni 10, nazo zaidi ya milioni 2 zikarudi zikiwa zimejazwa. Likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa takriban asilimia 61. Kosa kubwa lilikuwa kwamba majina mengi yalichukuliwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, wakati maskini wa miaka ile ya dhiki hawakuwa na simu wala gari. Tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Mwaka huo huo George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko jarida lile, alimtaja mshindi kwa usahihi.

Sasa tuutazame mwambao wetu. Anayefanya utafiti kwa simu pekee atawakosa wengi wasio na simu au wanaoishi mahali ambapo mtandao haushiki. Anayepita Shangani na mjini kati mchana amewaacha wavuvi waliokwenda dago, na wakulima walio mashambani, kwa maana uchaguzi wetu wa Oktoba huangukia wakati wa kuokota korosho. Anayeuliza kwa Kiswahili cha ofisini hatampata vizuri bibi anayefikiri kwa Kimakonde. Na anayefika kijijini akiwa ameongozana na balozi wa shina la chama, au amevaa fulana ya rangi ya chama, atapokewa kwa adabu zote za kwetu na kujibiwa kile ambacho mgeni anapenda kusikia.

3. Pale wagombea wanapokaribiana

Hata sampuli iliyochotwa kwa haki ina kosa lake la bahati. Ukiwauliza watu 400 waliochaguliwa bila upendeleo, asilimia utakayopata yaweza kuwa juu au chini ya ukweli kwa pointi 5 hivi. Ukiwauliza 1,000, kosa hupungua hadi pointi 3 hivi. Ili kulipunguza kosa kwa nusu, ni lazima uulize watu mara nne, na kazi hiyo ina gharama. Ndiyo maana tafiti za jimbo moja, pale zinapofanywa, huwa ndogo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Utafiti wa watu 400 unasema mgombea A ana asilimia 48, mgombea B ana 44, na waliosalia 8 hawajaamua. Gazeti la chama linaandika: "A anaongoza." Lakini tofauti ya pointi 4 nayo ina kosa lake, na kosa la tofauti ni kubwa kuliko la kila upande, karibu mara mbili, yaani pointi 9 hivi. Hii ina maana kwamba A anaweza kuwa mbele kwa pointi 13, au nyuma kwa pointi 5. Tena, wale 8 wasioamua ni wengi kuliko tofauti yenyewe. Msomaji mwaminifu angesema: "Hawa wawili wamekaribiana, hatujui nani yuko mbele." Maneno hayo hayapigiwi vigelegele, wala hayaandikwi kwenye mabango.

Na kukaribiana si jambo la kufikirika tu. Katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar mwaka 1995, matokeo rasmi yalikuwa asilimia 50.2 kwa Salmin Amour na 49.8 kwa Seif Sharif Hamad. Hakuna utafiti wa maoni duniani uwezao kupima tofauti nyembamba namna hiyo. Atakayewaambia kwamba ameipima, mwombeni awaonyeshe mizani yake.

4. Ukweli uliochaguliwa

Ndugu zetu, chama kinaweza kuwapotosha watu bila kusema uongo hata mmoja, na hapa ndipo penye ujanja mkubwa. Tuseme A na B wako sawasawa kabisa jimboni. Chama cha A kinafanya tafiti tano, kila moja ya watu 400, zote kwa uaminifu. Kwa sababu ya lile kosa la bahati, moja itasema A yuko nyuma kidogo, nyingine kwamba wako sawa, nyingine kwamba A yuko mbele. Chama kinaziweka kabatini nne na kutangaza ile nzuri kupita zote. Kwa hesabu ya bahati, utafiti huo mmoja kwa kawaida utaonyesha A akiongoza kwa pointi 5 au 6, na ilhali jimboni hakuna anayeongoza.

Hakuna aliyebuni tarakimu. Kilichofichwa ni kabati. Huko Marekani, ambako viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hugombewa kila baada ya miaka miwili na vyama hulipia tafiti nyingi za majimbo, wachambuzi wamezoea jambo hili. Utafiti uliotolewa na upande mmoja huuhesabu, lakini humpunguzia mgombea wa upande huo pointi kadhaa kabla ya kuulinganisha na nyingine. Tena hujiuliza kwa nini umetolewa sasa: je, ni kwa ajili ya kuwavuta wafadhili, kumtisha mpinzani, au kuwapa moyo wafuasi waliolegea?

Njia nyingine ya kupotosha imo katika swali lenyewe. "Je, utamchagua mgombea aliyeleta umeme, au mwenzake?" Hilo si swali, ni hotuba yenye alama ya kuuliza. Na mpangilio wa maswali una nguvu pia. Anayekuuliza kwanza juu ya bei ya korosho iliyoanguka, kisha juu ya mbunge aliyeko, amekwisha kukuonyesha njia ya kupita.

5. Mifano ya kwetu na ya jirani

Tafiti zilizotolewa na taasisi zisizo za vyama nazo zimeonyesha mipaka yake. Mwaka 2010, REDET ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilimpa Jakaya Kikwete takriban asilimia 71, na kampuni ya Synovate ikampa takriban 61. Tume ya Uchaguzi ilipotangaza, alikuwa na kura 5,276,827. Kura hizo ni asilimia 61.17 ya kura zote zilizopigwa, au 62.83 ukiziondoa zilizoharibika. Tazameni: hata matokeo yenyewe yana asilimia mbili za kweli, na kila mmoja anaweza kutaja ile impendezayo.

Mwaka 2015 Twaweza iliwauliza kwa simu watu 1,848 wa Tanzania Bara. John Magufuli alipata asilimia 65 na Edward Lowassa 25. Ipsos ikasema 62 na 31. Matokeo rasmi yalikuwa 58.46 na 39.97. Mshindi alitajwa kwa usahihi, lakini tofauti ya pointi 40 katika utafiti wa kwanza ilikuwa pointi zisizofika 19 katika matokeo.

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Watu 1,848 wakigawanywa katika majimbo zaidi ya 200 ya Bara, kila jimbo linapata watu wasiofika 10. Kwa hiyo utafiti ule haukuwa na lolote la kusema juu ya jimbo moja moja, wala wenyewe hawakudai hivyo. Lakini wapiga debe waliuchukua wakasema: "Mmeona? Hata hapa tumemaliza." Katika uchaguzi huo huo, ubunge wa Mtwara Mjini ulikwenda kwa Maftaha Nachuma wa CUF, na Tandahimba ikamchagua Katani Ahmed Katani wa chama hicho hicho. Aliyeisoma asilimia ya taifa kama asilimia ya Mtwara alisoma barua ya mtu mwingine.

Nchini Kenya mwaka 2022, tafiti kadhaa za siku za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele, akiwa na asilimia 47 hadi 49, na William Ruto akiwa na 41 hadi 44. Matokeo rasmi yalikuwa Ruto 50.49 na Odinga 48.85. Tuangalie kwa makini. Kwa upande wa Odinga tafiti zilikaribia sana ukweli. Kosa lilikuwa kwa wale waliojibu "sijaamua" au waliokataa kujibu: hesabu inaonyesha kwamba wengi wao hatimaye waliangukia upande wa pili. Basi msomapo utafiti, msiruke mstari wa wasioamua. Mara nyingi hao ndio wenye uchaguzi mikononi.

Na mwaka 2007, nchi hiyo hiyo iliingia katika uchaguzi baada ya miezi ya tafiti nyingi zilizomweka Odinga mbele kidogo. Tume ilipomtangaza Mwai Kibaki mshindi, zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha katika machafuko yaliyofuata. Hatusemi kwamba tafiti ziliwaua. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza baadaye ilisema kuhesabu na kujumlisha kura kulivurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Kilichohitajika pale kilikuwa hesabu ya kura inayoaminika, na hakuna utafiti wa maoni ambao ungeweza kushika nafasi yake.

TUAMUE

6. Mwanga wa Maandiko

Kitabu cha Mithali, sura ya 18, aya ya 17, chatufundisha kwamba anayejieleza kwanza huonekana mwenye haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Hiyo ndiyo kanuni ya kusoma utafiti wa chama. Hatumwiti mwongo, tunamngoja mhoji.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13 na 14, Musa aliwatuma watu kumi na wawili kuipeleleza nchi ya Kanaani. Wote waliona miji ile ile na matunda yale yale. Kumi wakarudi na taarifa ya kuvunja moyo, wawili wakarudi na taarifa ya imani. Umati ukalia usiku kucha kwa ajili ya taarifa ya wale kumi, ukataka kurudi utumwani. Tarakimu zinazotolewa kwa nia ya kuwavunja watu moyo zina nguvu hiyo hata leo. Mwananchi anayeacha kupiga kura kwa kuwa ameambiwa mambo yamekwisha, amejitoa mwenyewe katika urithi wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 75, umetukumbusha kwamba kupiga kura kwa uhuru kwa ajili ya manufaa ya wote ni haki na pia ni wajibu.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, yakataza kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Sisi ambao tumelia kwa sababu ya kangomba na mizani iliyochezewa, tungewezaje kuwa na mawe mawili katika siasa? Utafiti ukimsifu mgombea wetu twasema ni wa kisayansi. Ukimsifu mwenzake twasema umenunuliwa. Na Amri ya Nane haimhusu tu aliyebuni tarakimu. Yamhusu pia anayezisambaza bila kuuliza.

7. Woga na ukosefu wa mizani huru

Yapo mambo mawili ya haki ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

La kwanza ni woga. Mtu anayeogopa hatoi maoni yake, hutoa jibu la kumwokoa. Mwambao huu unakumbuka Januari na Mei 2013, siku za ghasia za gesi, zilizogharimu maisha na mali. Taifa zima linakumbuka uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, uliofuatwa na maandamano, vifo, amri ya kutotoka nje usiku na kukatwa kwa intaneti. Katika hali hiyo mgeni akibisha hodi na kuuliza, "Utampigia nani?", wengi watajibu kwa kuangalia viatu vyake. Utafiti unaofanywa penye woga hupima woga.

La pili ni kwamba tafiti huru zenyewe zimebanwa. Julai 2018 Twaweza ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba walioridhishwa na utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliiandikia taasisi hiyo ikitaka maelezo, na mkurugenzi wake alinyang'anywa pasi ya kusafiria. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa na kuwawekea masharti mazito wanaotangaza takwimu; masharti hayo yakalegezwa mwaka 2019. Matunda yake tumeyaona: mwenye mizani ya haki akifungiwa duka, soko halifungwi, bali hubaki mikononi mwa wenye mizani iliyochezewa.

Wenzetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2012 inamtaka anayetangaza utafiti wa uchaguzi ataje aliyeulipia, idadi ya walioulizwa na kiwango cha makosa, na inakataza kutangaza tafiti mpya katika siku 5 za mwisho kabla ya kura. Haikuondoa makosa yote, kama tulivyoona, lakini inampa mwananchi haki ya kuuliza.

Wengine watasema: ya nini kujifunza kupima mashindano ya karibu, wakati katika chaguzi za 2020 na 2025 ushindani wenyewe ulikosekana katika majimbo mengi? Tunaliheshimu swali hilo, maana lina uchungu ndani yake. Lakini kura za ndani ya vyama zitaendelea kuwepo, chaguzi za vijiji na mitaa pia, na tunaomba na kudai kwamba ushindani wa haki urudi. Utakaporudi, usitukute tungali watu wa kuyumbishwa na karatasi isiyo na jina.

TUTENDE

8. Maswali saba ya kuuliza

Kila utafiti wa maoni utakapoletwa mbele yenu, iwe kwa karatasi, redio au simu, ulizeni:

(a) Nani aliulipia, na nani aliutangaza? Kama ni mshindani, uhesabuni kama maneno ya mshindani.

(b) Waliulizwa watu wangapi, wa jimbo gani? Utafiti wa taifa usichukuliwe kuwa wa jimbo.

(c) Walipatikanaje? Kwa simu, nyumba kwa nyumba, au mkutanoni kwa chama? Makofi ya mkutano wa hadhara si sampuli.

(d) Waliulizwa lini? Maoni ya kabla ya kampeni si maoni ya wiki ya mwisho.

(e) Swali liliulizwaje, na waliulizwa na nani?

(f) Wasioamua na waliokataa kujibu ni asilimia ngapi? Je, ni wengi kuliko tofauti ya wagombea?

(g) Zipo tafiti nyingine, na upande wa pili unasema nini? Pande zote mbili zikidai kuongoza, yaelekea wamekaribiana.

Utafiti usioweza kujibu hata (a), (b) na (c) usisambazwe. Kiongozi wa jumuiya anayepokea ujumbe wa namna hiyo na auishie kwake.

9. Mambo ya kufanya katika parokia

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tarakimu za vyama zisitangazwe kanisani, wala katika mikutano ya jumuiya, hata kama zinampendeza kiongozi. Nyumba ya sala ina waumini wa vyama vyote.

Pili, tuelekeze nguvu pale ambapo ukweli unaweza kupatikana. Utafiti ni makisio. Kura iliyohesabiwa kituoni na matokeo yake kubandikwa ndiyo ushahidi. Waelimisheni mawakala wa vyama vyote na wananchi wasome, wanakili na kutunza matokeo ya kila kituo. Mwenye malalamiko akiwa na nakala hizo ana kesi. Mwenye utafiti wa chama chake peke yake ana manung'uniko.

Tatu, tuzungumze na jirani zetu. Pwani hii ni ya Waislamu na Wakristo, na katika ukoo mmoja wamo wa dini zote mbili na vyama vyote. Viongozi wa parokia na maimamu wakikubaliana mapema kutokusambaza tarakimu zisizo na chanzo, wataziba ufa ambao vinginevyo tungejenga ukuta.

10. Hitimisho

Wapendwa, hatukuja kuwafundisha kudharau tarakimu. Mkulima hadharau mizani kwa sababu amewahi kuibiwa. Hudai mizani ya haki na kujifunza kuisoma mwenyewe. Basi na tuwe watu wanaoweza kuusoma utafiti wa rafiki kwa ukali ule ule wanaousomea wa mpinzani. Na atakapokuja mtu kutuambia kwamba mambo yamekwisha, tumjibu kwa upole kwamba kura yetu bado hatujaipiga.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika uchaguzi uliopita, ni tarakimu zipi zilizozungushwa katika kijiji au mtaa wetu? Tulijua zimetoka wapi?

2. Je, yupo kati yetu aliyeacha kupiga kura kwa sababu aliambiwa matokeo yanajulikana? Tungewezaje kumsaidia?

3. Wavuvi, wakulima walio mashambani na wazee wasiojua Kiswahili vizuri: ni nani katika eneo letu ambaye maoni yake hayaulizwi kamwe?

4. Someni Hesabu 13 na 14. Wale kumi walikosea nini, nasi tunafanana nao wapi?

5. Ni hatua gani moja ambayo jumuiya yetu itaichukua pamoja na jirani zetu Waislamu kabla ya uchaguzi ujao?